Je, mwanafunzi wa meno ashike filamu ya eksirei kinywani mwa mtoto?

Magego32
Wakubwa zangu, shikamooni. Nasoma mwaka wa nne wa udaktari wa meno, na wiki iliyopita katika mafunzo ya vitendo nilimpokea mtoto wa miaka sita aliyevimba taya la chini upande wa kulia, magego yake mawili ya utotoni yakilegea ilhali hayakuwa yametoboka. Mtoto alikuwa akilia na kuisukuma filamu kwa ulimi, nami nikaambiwa niishikilie kwa kidole changu hadi picha ikamilike. Tulipiga mara tatu, kwani mbili za kwanza ziliharibika alipotikisika. Nilivaa aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi. Naomba kujua kama nilichofanya kinakubalika, na pia kwa mtoto wa namna hii tulipaswa kutafuta nini hasa kwenye picha.

ChumbaChaGiza
Marahaba, mdogo wangu. Nimepiga eksirei za meno kwa miaka mingi, na jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Aproni hukinga kifua na tumbo, haikingi kidole kilichokaa katikati ya mwali wa mionzi. Mhudumu hasimami hata karibu: hukaa nyuma ya kizuizi au, kisipokuwepo, umbali wa mita 2 au zaidi, pembeni mwa uelekeo wa mwali, kwa kuwa ukiongeza umbali maradufu mionzi hupungua hadi robo. Filamu hushikwa na kishikio chake. Ikishindikana, mzazi asiye mjamzito huvaa aproni na kumtuliza mtoto kichwa, vidole vyake vikiwa nje ya mwali.

Usikose usingizi kwa ajili ya picha tatu. Picha moja ndogo ya jino kwa kawaida humpa mgonjwa chini ya maikrosivati 10 (kipimo cha mionzi), wakati mionzi ya asili humpata kila mtu kwa wastani wa milisivati 2.4, yaani maikrosivati 2,400, kwa mwaka. Hatari imo katika mazoea. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans aliyeanza kupiga eksirei mwaka 1896, alikuwa akiuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mashine kila alipotaka kuirekebisha. Saratani ilimla vidole, kisha mkono, na kufikia kifo chake mwaka 1928 alikuwa amepasuliwa mara nyingi mno.

MswakiWaMti
Nimesoma kwamba Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hakipendekezi tena aproni wala kola ya shingoni. Je, tunazivaa bure?

ChumbaChaGiza
Ni kweli kwamba mwaka 2024 kiliacha kuzipendekeza kwa wagonjwa, kwa sababu mionzi mingi inayowafikia viungo vya ndani hutawanyika ndani ya mwili wenyewe, na kola ikikaa vibaya hufunika sehemu ya picha na kulazimisha kurudia. Chama hicho kilizingatia mashine za kisasa zenye mwali uliobanwa kwa umbo la mstatili. Hapa Tanzania fuateni masharti ya kibali mlichopewa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Darubini
Ndugu Magego32, umetaja jambo ambalo wengi wangelipita: magego yanalegea bila kutoboka. Katika ukanda wetu wenye malaria nyingi, mtoto wa umri huo mwenye taya lililovimba hivyo adhaniwe kuwa na limfoma ya Burkitt, saratani inayokua haraka, hadi uchunguzi ukanushe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1958, na mtoto wa kwanza kumshangaza alikuwa amevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto.

Kwenye picha tazama kwanza ule mstari mwembamba mweupe unaouzunguka mzizi. Jipu huufuta kwenye jino moja bovu. Limfoma ya Burkitt huufuta kwenye meno kadhaa, na meno ya kudumu ambayo hayajaota huonekana yamesukumwa kutoka mahali pake. Ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao mnasoma kwamba kwenye picha hufanana na mapovu ya sabuni, huchukua miaka kukua na ni nadra katika umri huu. Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Kwa mtoto anayelia ningeomba picha ya ubavu wa taya, kaseti, yaani kifuko kigumu cha filamu, ikiwa nje ya kinywa, ambayo ingeonyesha eneo kubwa zaidi na kukuepusha na suala zima la kidole. Hata hivyo eksirei haithibitishi. Kipande cha uvimbe kichukuliwe kwa uchunguzi haraka, wala meno yasing'olewe, kwa maana tiba ya ugonjwa huu ni dawa za saratani, na watoto wengi huzipokea vizuri.

Magego32
Asante sana, Daktari. Mtoto huyu amepangiwa kung'olewa magego Jumatatu. Nampigia msimamizi wangu sasa hivi.

Darubini
Mpigie. Na zile picha mbili zilizoharibika msizitupe. Huenda ule mstari unaonekana hata humo.