Wakala wa hataza kaikalia barua ya mchunguzi mpaka maombi yetu ya sindano ya upasuaji yakafa

Wakuu habari za jioni, hasa wa huku kwetu nyanda za juu kusini, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa. Uzi ni mrefu mtanivumilia, nina hasira na kukaa kimya nimeshindwa.

Kwa kifupi iko hivi. Kuna wakala hapa Mbeya mjini tulimpa kazi ya kuandika na kusimamia maombi ya hataza (patent, haki ya kumzuia mwingine asitengeneze ubunifu wako) ya kifaa cha upasuaji, akala hela, akaandika madai ya ovyo, yaani yale maneno yanayosema nini kilindwe, mchunguzi wa ofisi ya hataza akayakataa na akaeleza vizuri kabisa kwa nini kayakataa na nini kifanyike, jamaa akaikalia ile barua mpaka muda wa kujibu ukaisha. Sa hivi maombi yanahesabika tumeyaacha wenyewe. Hakupiga simu, hakutuma hata meseji, tumejua baada ya kwenda kudai faili letu na kulifungua pale pale kwenye benchi lake la wageni.

Mi ni fundi wa vifaa tiba, maisha yangu ni otoklevu, mashine za sakshen, taa za thieta na vitanda vya upasuaji. Mwenzangu ni fundi kerezo pale SIDO, shirika la viwanda vidogo, mzee wa Tukuyu, mtu ambaye ukimpa kichuma chembamba cha chuma cha pua anakitoboa katikati kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakipindi. Tulichotengeneza ni sindano ya kupitishia uzi, ile daktari anayotumia kufunga tundu la tumboni akimaliza upasuaji wa kamera. Ina uwazi ndani, kwenye uwazi kuna kijiti butu, nyuma ya kijiti kuna springi. Ukiwa unapita kwenye ngozi na misuli kijiti kinarudi nyuma na ncha kali inafanya kazi, ukishatokeza ndani ambako hamna kizuizi springi inakisukuma kijiti mbele kinaitangulia ncha, usije ukatoboa utumbo wa mtu. Ubavuni mwa kijiti kuna kipengo cha kubebea uzi.

Mpaka hapo hakuna jipya, na hatukuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba ni jipya. Kilicho chetu kiko kwenye mpini. Kuna mfereji umechongwa kama herufi L na kuna pini inatembea humo, ukishaachia uzi na kuivuta sindano nje ya mwili, pini inasukumwa inaingia kwenye kona ya mfereji na kijiti kinajifunga kikiwa mbele, hapo hata uikandamize sindano kwenye meza ncha haitokezi. Kuifungua mpaka ushike mpini kwa mikono miwili, uvute gamba la nje, ulizungushe robo mzunguko. Kwa hiyo inarudi kwenye trei ikiwa butu, na ili ichome tena lazima mtu awe ameamua.

Aliyetufanya tuanze ni nesi wa thieta, dada yetu tunayemheshimu sana, alichomwa kidole wakati anapokea sindano kutoka kwa daktari, glovu ikapita, damu ikatoka. Akameza PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, siku 28, kichefuchefu kila asubuhi na zamu anaingia, na kipimo cha mwisho anakisubiri hali wala halali usingizi. Wanaofanya kazi hizi wanajua namba zake, ukichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU hatari ni kama 0.3%, yaani watu 3 kwenye 1000, homa ya ini C makadirio ya zamani yalikuwa karibu 1.8% ila ya karibuni ni kama 0.2%, na homa ya ini B kama hujachanjwa inaweza kufika hata 30%. Marekani walitunga sheria nzima ya majeraha ya sindano mwaka 2000, na mwaka 2012 mamlaka zao za afya na za usalama kazini zikatoa tamko la pamoja kuwahimiza madaktari watumie sindano butu za kushonea kwenye tabaka za misuli pale inapofaa. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia ni kakitu kadogo mnalilia.

Sasa twende kwenye madai maana hapo ndo kuna wizi wenyewe.

Kwa wasiojua, kwenye maombi ya hataza unaweza kuandika maelezo kurasa arobaini na michoro kumi, lakini kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye madai. Ni kama bikoni za kiwanja, nyumba yako iwe nzuri namna gani, kama bikoni zimewekwa kwa jirani huna kitu. Na sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987 inataka mambo yale yale yanayotakiwa kila mahali: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya ubunifu ambayo mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kirahisi, na kiweze kutengenezwa au kutumika viwandani. Upya wenyewe ni wa dunia nzima, sio upya wa Mwanjelwa na Uyole.

Wakala wetu dai la 1 aliandika hivi, naweka kwa maneno yetu ya kawaida: kifaa cha upasuaji chenye sindano yenye uwazi, kijiti butu ndani ya uwazi huo, na springi yenye nguvu ya kutosha kukisukuma kijiti mbele. Basi. Mfereji hamna, pini hamna, kufuli hamna.

Mchunguzi wala hakuhangaika. Alitoa sindano ya János Veres, daktari wa Hungary, aliyoichapisha mwaka 1938. Yule alikuwa anatibu kifua kikuu kwa kuingiza hewa pembeni ya pafu, akatengeneza sindano yenye kijiti butu na springi ili asitoboe pafu lenyewe, na hiyo hiyo mpaka leo ndo inatumika kuingiza hewa tumboni kabla ya kupitisha kamera. Iko thieta! Karibu kila hospitali inayofanya upasuaji wa kamera inayo! Mi mwenyewe nimeshazisafisha na kubadilisha springi zake, na siku ya kwanza kabisa nilimwekea wakala moja mezani kwake nikamwambia hii ndo ya zamani, hii nyingine ndo yetu, tofauti ni hapa kwenye mpini. Alipiga picha na simu yake. Alafu akaenda kudai ile ya zamani.

Kanuni ya upya wala sio ngumu, nyaraka moja tu ya zamani ikionyesha kila kitu kilichotajwa kwenye dai lako, dai limekufa. Vitu vitatu alivyotaja vyote viko kwa Veres. Dai la 2 likaongeza kipengo cha uzi, mchunguzi akaleta nyaraka ya pili ya sindano za kupitishia uzi akasema ukiziweka hizi mbili pamoja mtaalamu yeyote anafika hapo, hatua ya ubunifu hakuna. Dai la 3 eti mpini uwe wa plastiki au wa chuma. Na yale maneno "nguvu ya kutosha" akayapiga kwamba hayaeleweki, ya kutosha ni kiasi gani, inapimwaje, na ana haki kabisa kuuliza, mbona sisi vipimo vya springi tulikuwa navyo kwenye daftari na nakala tulimpa.

Dai la 4 ndo lilifanya mzee wangu wa kerezo anyanyuke kwenye kiti. Limeandikwa "ambapo dawa iliyomo ndani ya kifaa inatolewa kwa kubonyeza." Dawa ipi? Sindano yetu haina dawa, haijawahi kuwa na dawa, haina hata pa kuweka dawa. Maana yake alichukua maombi ya mtu mwingine ya bomba la sindano, akafuta huku akaandika kule, na hapo akasahau kufuta. Kazi ya mteja aliyelipa zaidi ya milioni moja!

Dai la 6 likawa la njia, njia ya kufunga kidonda cha upasuaji tumboni kwa kutumia kifaa cha dai la 1. Hili hata mwanafunzi angelijua. Njia za kutibu mwili wa binadamu kwa upasuaji hazipewi hataza, mkataba wa TRIPS, ule wa biashara ya dunia kuhusu haki za ubunifu, kwenye kifungu cha 27 unaruhusu nchi kuziondoa, Ulaya wameziondoa, na sheria yetu nayo imeziondoa. Kinachoruhusiwa ni kifaa chenyewe kinachotumika kwenye hiyo tiba. Kwa hiyo lilikuwa limekufa kabla halijaandikwa, lakini kwenye ankara yake kila dai lina bei.

Na alitutoza hela ya upekuzi jamani. Kwenye ankara imeandikwa upekuzi wa hataza zilizotangulia. Kuna tovuti za kutafutia hataza za dunia, Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya ni bure, Patentscope ya WIPO, shirika la dunia la haki miliki, ni bure, unaandika maneno mawili matatu ya kifaa chako unaletewa michoro, hizi sindano za springi zimejaa kule. Nimedai ripoti ya huo upekuzi, hana.

Kinachoniuma kuliko yote ni ukurasa wa mwisho wa barua ya mchunguzi. Huyu mtu simjui, na nataka niseme wazi kwamba alifanya kazi yake kwa heshima. Baada ya kuyapiga madai yote akaandika kwamba mchoro wa 3 unaonekana kuonyesha utaratibu wa kufunga kijiti kwenye mpini, kwamba kwenye nyaraka alizozipata hajauona, na kwamba hakuna dai hata moja linaloutaja. Akasema mwombaji anaweza kurekebisha madai ndani ya muda uliowekwa, mradi asiongeze jambo ambalo halikuwemo kwenye maombi ya mwanzo. Wakuu someni tena hapo. Yaani mchunguzi aliuona ubunifu wetu kwenye mchoro, mtu ambaye hajawahi kuishika ile sindano, na mtu aliyewekewa mezani na kuonyeshwa kwa kidole hakuuona.

Marekebisho yalikuwepo kabisa. Mfereji wa L umechorwa, pini imechorwa na ina namba, na kwenye maelezo kuna sentensi yetu inayosema kijiti kinajifunga kikiwa mbele baada ya sindano kutolewa. Unachukua hayo unayaingiza kwenye dai la 1, unakiri kwamba sindano, kijiti na springi ni vya zamani, unasema kipya ni mfereji na pini na jinsi vinavyofungana, unafuta dai la dawa na la njia, unajibu. Ni kazi ya siku chache kwa anayeijua. Jamaa mmoja wa Dar anayefanya kazi hizi alituandikia mfano ndani ya ukurasa mmoja baada ya kusoma faili, kwa huruma tu, hela hakuchukua.

Mtasema si mwombe upya. Hatuwezi, na hilo ndo linanikosesha usingizi. Ukishaomba mara ya kwanza una miezi 12 ya kutumia tarehe yako ya kwanza kwenye maombi mengine, ule utaratibu wa mkataba wa Paris, hiyo imeshapita. Alafu maombi yenyewe yalishachapishwa, kama ilivyo sehemu nyingi duniani ambako huchapishwa baada ya miezi 18. Maana yake mchoro wetu wa 3 sasa hivi ni nyaraka ya zamani kama ya Veres, tukiomba upya mchunguzi anatutolea mchoro wetu wenyewe, na kiwanda chochote India au China kinaweza kuitengeneza kesho na sisi tukainunua kwa bei watakayopanga. Angekuwa na akili ya kuyaondoa kabla hayajachapishwa tungeanza upya bila hasara, ila kwa hilo pia alitakiwa afungue faili.

Nilipomfuata akasema barua ilikuja kwenye imeli na imeli zake ni nyingi. Akaendelea kwamba hata tungejibu, vifaa tiba vya wazawa huwa havipiti. Uongo, barua ninayo mkononi inasema kinyume! Alafu akataka tulipe tena ili "afufue". Mzee wa kerezo alimjibu kwa Kinyakyusa na sitaandika hapa alichosema, ila alikisema kwa sauti na watu wa korido nzima wakatoka.

Nataka vitu vitatu kwake na nimeshampelekea kwa maandishi, faili lote likiwa na kila barua na tarehe iliyopokelewa, hela ya upekuzi ambao haukufanyika, na maelezo yaliyosainiwa kwamba barua ya mchunguzi hakutufikishia. Hilo la tatu ndo analikwepa, anasema atalipa kidogo kidogo ila hasaini.

Mnaotaka kuomba hataza huku kwetu, kabla wakala hajawasilisha mwambie akusomee dai la 1 kwa Kiswahili mbele yako huku umeshika kifaa, umuulize kila neno liko wapi kwenye kifaa, na umuulize kile unachojua ni chako kiko kwenye dai namba ngapi. Anwani ya mawasiliano iwe na imeli yako wewe pia. Na kifaa usikipeleke Nanenane pale John Mwakangale kabla hujawasilisha, kukionyesha hadharani kunaweza kuua upya, Ulaya ndo karibu hawana msamaha kabisa.

Ninachoomba kwenu: kuna mtu humu ambaye maombi yake yalihesabika yameachwa kwa uzembe wa wakala akaomba kurudishiwa muda akakubaliwa? Ushahidi gani ulitumika, ilitosha imeli iliyoonyesha tarehe wakala alipoipokea au mpaka akiri kwa saini? Tuna vielelezo vyote, sindano tatu zimekamilika na moja tumeipasua ubavu ili mfereji uonekane. Mwenye uzoefu wa kweli aandike hapa hapa chini wengine nao wasome.