Kasha la santuri: tranka la bati, mninga au plaiwudi? Zinatoka Tanga kwenda Dodoma

mpwa_wa_chumbageni

Wakuu, habari za Jumapili. Nahitaji ushauri wa wanaojua santuri au useremala, na kama kuna anayejua vyote viwili nitashukuru zaidi.

Mjomba wangu amehamia kwa binti yake, nyumba ya Chumbageni inapangishwa, na santuri zake kanikabidhi mimi. LP, yaani zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, zipo 90 hivi, nyingi Franco na TP OK Jazz. Zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zinakaribia 200: Jamhuri Jazz, Atomic, Black Star, Lucky Star, mambo ya Tanga yaliyokwenda kutolewa Nairobi. Nyingi hazina jalada, ni karatasi tu yenye tundu katikati. Halafu kuna ishirini na kitu za kizamani kabisa, za mizunguko 78, nyeusi na nzito, taarab na za Kihindi.

Mimi niko Dodoma, nimepanga chumba na sebule. Zitasafiri kwa basi, Segera, Chalinze, Moro, mpaka nyumbani. Na zikifika zitakaa humo humo ndani ya kasha, kabati sina na sitakuwa nalo karibuni. Kwa hiyo nataka kitu cha kubebea na cha kutunzia kwa pamoja.

Nilichokiona mpaka sasa: tranka la bati la mafundi wa hapa Tanga, bei rahisi. Sanduku la mninga, ambalo ndilo analolitaka mjomba, anasema mtu haweki mali kwenye bati. Na yale makasha ya rangi ya fedha ya madijei mtandaoni, ila nauli ya kuyaleta inazidi bei yenyewe. Bajeti laki mbili, nikijikamua laki mbili na nusu. Mnasemaje?

kaka_boarding

Tranka mkuu. La kwangu la sekondari bado lipo, mama anawekea unga.

seremala_keko

Mpwa, mimi natengeneza makasha ya spika na mikisa za bendi hapa Keko, na ya santuri nimeshatengeneza ya kutosha. Kabla hujachagua bati au mbao, piga hesabu ya uzito kwanza, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

LP moja na jalada lake chukulia robo kilo. LP zako 90 ni kilo 22 na ushee kabla hujahesabu sanduku. Za 45 ukizijumlisha zote ni kama kilo 10, na zile za 78 nyingine 5. Ukitia mzigo wote huo kwenye tranka moja una kilo arobaini na kitu. Kilo arobaini hakuna mtu anayezishusha kwenye basi, zinaangushwa. Pale stendi hata uandike "VIOO" kwa rangi nyekundu pande zote, kuli atafanya kile mgongo wake unachoweza.

Kwa hiyo uimara wa kasha unaanza kwenye udogo wake. Kasha ambalo mtu mmoja analinyanyua bila kuguna litawekwa chini taratibu hata na asiyekujua. Mimi sivuki LP 50 kwa kasha. Za kwako gawa mbili, 45 kila upande. Likijaa litakuwa kilo 16 au 17.

Tranka la bati la shule lina tabu ya pili: mengi hayafiki sentimita 32 kwenda juu. LP na jalada lake ni sentimita 31 na nusu, kwa hiyo kifuniko hakifungi na utaishia kuzilaza. Santuri haitunzwi kwa kulazwa. Ukiziweka thelathini moja juu ya nyingine, ya chini inabeba kilo saba na nusu, na mwaka mzima hivyo itapinda, na jalada litaachwa na duara la santuri limejichora juu yake. Zisimame wima kama vitabu, zimebanana kiasi cha kutolala upande ila kidole kinapita. Zikiegemea zinapinda pia, polepole, hutaona mpaka siku unapiga na sindano inapanda na kushuka.

Mninga: simbishii mzee, ni mbao nzuri na tulivu. Lakini ubao wa inchi moja ukishapigwa randa unabaki kama milimita 20, kasha tupu tu lina kilo saba na zaidi. Na je, fundi wako ana mbao iliyokauka sawasawa? Ubao mbichi uliokatwa kwenye unyevu wa Tanga ukienda kukaa kiangazi cha Dodoma unasinyaa, maungio yanaachia, kifuniko kinapinda. Plaiwudi haina hayo, tabaka zake zimepishanishwa, moja linazuia jingine.

Mimi ningekufanyia plaiwudi ya milimita 9. Ukiweza pata ile yenye ngozi nyeusi wanayomwagia zege, haipitishi maji na haihitaji rangi. Ubaya wake ni weusi: ukiiacha juani inafyonza joto, hilo ulikumbuke. Vipimo vya ndani kwa LP: upana sentimita 32 na nusu, kimo 33, urefu 20. Usimwachie fundi akupe vya nje, atasahau kutoa unene wa mbao na utapelekewa kasha ambalo LP haziingii. Chukua LP moja nenda nayo.

Kingo zote za kusimama na kulala, zile zinazogonga chini na ukutani, apige engo za alumini (vipande vya umbo la L) kwa ribiti, na kona za chuma. Mikono ya kubebea iwe miwili, ubavuni, ifungwe kwa bolti zinazopita mpaka ndani na kushikwa na nati na washa pana. Skrubu fupi kwenye plaiwudi ya 9 zinang'oka na kipande. Na kwa kuwa nati ziko ndani, azifunike kwa kibao chembamba, la sivyo zitakula majalada kila unapochomoa santuri.

Ndani nawekaga kapeti lile la spika. Linapendeza na halikwaruzi.

bi_wa_kibokoni

Salaam aleikum nyote. Fundi amesema vyema, nami nakaa Mombasa na santuri tangu ujana wangu, za lebo ya Mzuri ya hapa Mombasa ninazo safu nzima. Ila hilo la kapeti nalipinga.

Huku pwani kapeti ndani ya kisanduku kilichofungwa ni kuita ukungu. Linanywa unyevu wa masika na haliutoi. Jalada la karatasi likiligusa miezi miwili, unafungua unakuta madoa meupe na harufu ya kaburi. Mbao tupu iliyopigwa vanishi ikakauka ni bora. Na kama wataka kitu laini, usitie sponji ya godoro. Hiyo kwa joto letu baada ya miaka inameng'enyuka, inakuwa unga wa manjano wenye kunata, na kuutoa kwenye jalada haiwezekani. Nunua ile mikeka ya vipande vya rangi rangi wanayochezea watoto, ukate utie chini na kwenye kifuniko. Haifyonzi maji wala haiozi.

Mwanangu, kubwa kuliko kasha ni hili: usifungie unyevu wa Tanga ndani halafu ukauhamisha. Kabla ya safari zitoe zote, moja moja, uzipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, na zile karatasi zenye madoa uzitupe uweke mpya. Majalada yapige upepo ndani ya chumba kikavu siku isiyo na mvua. Usiyaanike juani! Plastiki ya LP huanza kulegea kwenye nyuzi 60 na kitu, na gari lililofungwa juani hufika huko. Ndiyo maana pia usikubali mzigo wako uwekwe kwenye buti la nyuma lililo jirani na injini.

Zile mifuko laini ya plastiki nene, inayonata ukiigusa na kunuka kama pazia jipya la bafu, ukizikuta zimevikwa santuri zitoe. Zinaacha ukungu usiofutika kwenye plastiki ya santuri, nayo hukoroma ukiipiga. Karatasi nyeupe kavu inatosha.

mpwa_wa_chumbageni

Shikamoo bibi. Fundi, nimekuelewa.

Swali kuhusu zile 78. Mjomba ananiambia nizifute kwa spiriti ndiyo zing'ae, chupa kanipa kabisa. Na je, zikae kasha moja na zile 45 ili nipunguze gharama?

bi_wa_kibokoni

Marahaba. Hiyo chupa mrudishie mjomba na heshima zake zote. Spiriti kwa 78 ni sumu. Zile si plastiki, ni utomvu wa wadudu wa India, shelaki, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti inaiyeyusha, utafuta na nyimbo. Maji safi kidogo kwenye kitambaa, usiguse karatasi ya katikati, ukaushe hapo hapo.

Tena usiziweke na nyingine. LP ikianguka itachubuka. Hizi hupasuka, hata kwa kugongana zenyewe. Kila moja ipate bahasha yake ya karatasi ngumu, na kila tano utie kipande cha kadibodi kati. Kisanduku chao kiwe kidogo kabisa, na usikitie kwenye buti. Kipakate.

Na utazame lebo kabla hujafunga. Ukikuta jina la Siti binti Saad na ile lebo yenye mbwa na gramafoni, hizo alikwenda kuzirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928. Zipige picha pande zote mbili.

seremala_keko

Bi mkubwa kanifundisha na ni kweli, shelaki ndiyo hiyo hiyo tunayoiyeyusha kwa spiriti kupigia polishi viti. Sikuwahi kuiunganisha na santuri. Kuhusu kapeti, Dodoma ni kukavu lisingekuwa na shida, lakini mzigo unaanzia Tanga, nakubali.

Mpwa, 45 tengenezesha kasha moja la safu mbili: upana wa ndani sentimita 40 na kibao cha kugawa katikati, kimo 20, urefu 20. Ukiona zinabaki na nafasi, usiache wazi. Kila kasha weka kibao cha kusukuma, kipande cha plaiwudi kinachosimama nyuma ya santuri, na nyuma yake ujaze kadibodi mpaka zisimame. Ukitoa santuri kumi ukazipeleka kwenye sherehe, ukirudi ongeza kadibodi.

kaka_boarding

Na mchwa je? Tranka mchwa hawaingii. Nauliza tu.

seremala_keko

Mdogo wangu, hapo una hoja, na panya pia. Ndiyo maana kasha halikai sakafuni. Apige miguu minne ya mpira chini, halafu ukifika liweke juu ya matofali mawili au kibenchi, mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Mchwa anapanda kwa njia ya udongo, ukifagia chini yake kila wiki utaiona njia kabla hajafika.

mpwa_wa_chumbageni

Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Tumekubaliana makasha mawili ya LP na moja la 45, plaiwudi ya 9 yenye ngozi nyeusi, engo za alumini, mikono ya bolti. Laki mbili na thelathini kwa yote, na la 78 ananifanyia la bure kwa vipande vitakavyobaki. Kifuniko kasema kitakuwa cha bawaba, chembamba, sentimita 3, na komeo mbili mbele. Mjomba kaguna lakini kaniruhusu.

seremala_keko

Bei ni nzuri, mshike. Ila kifuniko mkatalie. Cha sentimita 3 chenye bawaba kinakuacha unachimba santuri kutoka juu, vidole vinakwama na kona za majalada zinachanika. Mwambie kimo kile cha 33 akigawe: mwili uwe 23, kifuniko 10, na kitoke chote, kisiwe na bawaba, kishikwe kwa komeo mbili kila upande, zile za kuzama ndani ya mbao zisizonasa kwenye mizigo mingine. Hivyo ukikiondoa santuri zinachomoza, unazipekua kama dukani. Na aweke ubao mwembamba kwa ndani unaopanda sentimita moja juu ya mwili kuzunguka pande zote, ili kifuniko kikikaa kisicheze na vumbi la Dodoma lisipate pa kupitia. Upana wa ndani aongeze unene wa hicho kibao pande mbili, vinginevyo LP hazitaingia. Mpigie leo kabla hajakata.