Mjadala: Machi 1939, Hungaria ilirekebisha mpaka au iliivamia Slovakia?

Ndugu zangu, naomba hili tulijadili kwa kina, maana kila likitajwa hupitishwa haraka kama ugomvi mdogo wa majirani. Alfajiri ya tarehe 23 Machi 1939 majeshi ya Hungaria yalitokea upande wa Uzhhorod na kuingia mashariki mwa Slovakia, nchi iliyokuwa na siku tisa tu tangu ijitangazie uhuru kutoka Chekoslovakia. Wapo wanaosema huo haukuwa uvamizi. Wanadai mstari wa mashariki mwa Slovakia uliovukwa siku ile ulikuwa wa kiutawala ndani ya Chekoslovakia, haujawahi kuwa mpaka wa dola, na kwamba reli ya bonde la Uzh inayopanda hadi Poland ilipita karibu nao mno, kwa hiyo Budapest, yaani serikali ya Hungaria, ilikuwa na haki ya kuusogeza. Mimi nasema ulikuwa uvamizi mtupu.

Hoja ya mstari wa kiutawala ndiyo nzito, kwa hiyo nianze nayo. Hungaria yenyewe iliitambua Slovakia tarehe 15 Machi. Leo unamtambua jirani kuwa mwenye nyumba, wiki ijayo unavunja mlango wa chumba cha mashariki ukisema hicho si chake? Najua mtanijibu kwamba walitambua dola, si mpaka. Sawa, lakini mpaka wenye utata huanzia mezani, hauanzii kwa vifaru. Sisi Waafrika tunaielewa hatari hiyo: Cairo mwaka 1964 wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliahidi kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na mingi kati yake ilichorwa na mkoloni kwa urahisi wake mwenyewe.

Mkataba wa Trianon wa 1920, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliiumiza Hungaria kweli. Ilipoteza takriban theluthi mbili ya ardhi, na mamilioni ya Wahungaria wakajikuta raia wa nchi nyingine. Siyabezi maumivu hayo hata kidogo. Ila sehemu za kusini mwa Slovakia zenye Wahungaria wengi, pamoja na mji wa Košice, Hungaria ilikuwa imeshapewa na Ujerumani na Italia kule Vienna tarehe 2 Novemba 1938. Ukanda uliovamiwa, wa Sobrance na Stakčín, ulikaliwa zaidi na Waslovakia na Warusini, watu wa jamii ya Kislavoni. Pale alikuwa anakombolewa nani?

Na utazameni mji wa Michalovce, mashariki mwa Slovakia, siku zile. Hitler ameshaingia Prague, maofisa na askari wa Kicheki wanarudishwa kwao, mizinga inabaki bila watu wa kuipiga. Jeshi la Slovakia linakusanywa upya huku adui yuko njiani, na ndege za Slovakia bado zina alama za Chekoslovakia. Tarehe 24 ndege za Hungaria zikaushambulia uwanja wa Spišská Nová Ves, mbali kabisa magharibi mwa ukanda unaogombewa, na raia wakawa miongoni mwa waliokufa. Reli ya Uzh ilihusika nini na mji ule?

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba siku ileile ya 23 Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, alitia saini Berlin mkataba wa Ujerumani kuilinda Slovakia. Ulinzi haukuonekana. Tarehe 4 Aprili, kwa makubaliano ya Budapest, Slovakia ikaachia kilomita za mraba zipatazo 1,700 na watu karibu 70,000.

Tafadhali mtu asije akasema namtetea Tiso, kiongozi wa Slovakia. Serikali yake ilikuwa kibaraka wa Hitler, na mwaka 1942 iliwasafirisha Wayahudi zaidi ya 57,000 kwenda kuuawa. Uovu huo ni wake, lakini haumpi jirani hati ya kumiliki vijiji vya wakulima.

Mnaoshikilia kuwa yalikuwa marekebisho tu, karibuni. Ila nianzieni hapa: nitajieni kijiji kimoja cha ukanda ule ambacho wakazi wake waliulizwa wanataka kuwa upande gani.