MREJESHO: Redio yetu ya Kigoma kuacha zilipendwa na kupiga Bongo Fleva tu

Wakuu, salaam. Wale mlionishauri, nawashukuru sana. Niliuliza kama uongozi ulikuwa sahihi kuondoa dansi na rumba ya Kongo ili tupige Bongo Fleva kutwa nzima, tushindane na redio za Dar zinazosikika hapa mjini.

Walibadilisha. Vijana walifurahi, hilo nakiri, na salamu za WhatsApp zikaongezeka. Ila matangazo hayakuja kama tulivyotarajia. Kampuni kubwa zinamalizana na redio za kitaifa hukohuko Dar. Sisi wanaotulisha ni wenye maduka ya mtaa wa Mwanga hapa mjini, wauza injini za boti na nyavu, watu wazima waliokuwa wanatusikiliza kwa ajili ya rumba. Mmoja, muuza nyavu, alisitisha tangazo lake, akaniambia waziwazi: "Mwanangu, huo muziki ninao kwenye simu."

Nikafuata ushauri wa mdau aliyesema nisipinge, niombe saa za kupiga rumba. Nilikwenda kwa meneja na orodha ya wateja waliopunguza matangazo. Amekubali: mchana Bongo Fleva inabaki, kuanzia saa tatu usiku ni rumba na dansi, katikati natoa bei ya dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi na hali ya upepo ziwani. Wavuvi wakiwa majini na karabai zao wanapiga simu kuomba nyimbo, mtandao unakatikakatika, lakini wanapiga.

Yule wa nyavu amerudi. Amelipia hadi mwisho wa mwezi.