Tupeane uzoefu: kumiliki hisa za makampuni makubwa pale DSE

Kibubu Wazi
Wakuu, heshima kwenu. Bia, saruji, sigara, vocha: pesa yetu kila siku inaishia kwa makampuni yaleyale, na mengi yamo Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako TOL ilitangulia kuorodheshwa mwaka 1998. Kama ubepari ni unyama tutabishana siku nyingine. Hapa anayejua namna ya kuingia, makato, na wapi watu wanakwama, aweke. Hadithi za kutajirika ghafla zibaki hukohuko.

Mzee wa Oda
Hununui kwa kampuni yenyewe. Unapitia dalali mwenye leseni ya CMSA (mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji), au programu ya simu ya DSE, Hisa Kiganjani. Andaa kitambulisho cha NIDA, picha ya pasipoti na akaunti ya benki, ufunguliwe akaunti ya CDS (mfumo wa kielektroniki unaotunza hisa zako). Hiyo ni yako hata ukihama dalali.

Majina yalingane herufi kwa herufi. NIDA ikisema Mohamed na benki ikasema Muhammad, gawio (fungu lako la faida ya kampuni) linarudi lilikotoka na wewe huna habari.

Kwenye oda taja bei ya juu unayokubali. Hisa isiyochangamka unaweza kumkuta muuzaji mmoja tu, na ukiiacha bei wazi unachukua yake.

Senti Tano
Makato: ada ya dalali, CMSA, DSE, CDS na VAT. Kwa muamala mdogo jumla huzidi kidogo asilimia 2 ukinunua, na vivyo hivyo ukiuza. Kwa hiyo bei isipopanda karibu asilimia 5, aliyefaidi ni dalali. Biashara ya kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa haifai soko letu.

Binti Saruji
Nadokeza gawio. Kodi ya zuio kwa kampuni iliyoorodheshwa ni asilimia 5, inakatwa kabla hujalipwa. Tuseme una hisa 1,000 na gawio ni sh. 390 kwa hisa: 390,000 toa 19,500, unapata 370,500.

Wengi wanakosea tarehe. Umiliki unakamilika siku 3 za kazi baada ya muamala. Daftari la wanahisa wa kulipwa gawio likifungwa Ijumaa, mwisho wa kununua ni Jumanne. Jumatano gawio ni la aliyekuuzia. Na msishangae bei ikishuka kuanzia hiyo Jumatano, gawio limeshatoka ndani yake.

Kibubu Wazi
@Binti Saruji shukrani dada. Je, nikinunua hisa kampuni inapata mtaji?

Mzee wa Oda
Kwa kawaida hapana mkuu. Sokoni unamlipa mwanahisa anayetoka. Hata toleo la kwanza, yaani hisa zinapouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, uliza nani anauza. NMB mwaka 2008 serikali iliuza sehemu ya hisa zake kwa sh. 600, fedha zikaenda Hazina, si benki.

Soma pia waraka wa matarajio, ule unaoeleza kampuni na hisa zinazouzwa, kabla ya kufuata mkumbo. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa umma, Vodacom ikatoa hisa 560,000,100 mwaka 2017 kwa sh. 850. Mwanzo zilikuwa za Watanzania tu; hazikuisha, wageni wakaruhusiwa. Baadaye bei ilishuka chini ya 850 na kukaa huko muda mrefu. Jina kubwa halikusaidia.

Kura Moja
Sasa tuje kwenye mamlaka, maana ndiko watu wanajidanganya. TBL iko chini ya AB InBev, Kampuni ya Sigara (TCC) chini ya JTI, Vodacom chini ya kampuni mama ya Afrika Kusini. Azimio la kawaida linahitaji zaidi ya nusu ya kura, azimio maalumu asilimia 75. Mwenye asilimia 75 peke yake anapitisha yote mawili kabla chai haijaletwa.

Upigaji kura nao una siri yake. Kwa kunyoosha mikono kila mtu ana kura moja, nanyi wadogo mkijaa ukumbini mnaonekana wengi. Ikiombwa kura ya kuhesabu hisa, wingi wenu unayeyuka.

Hiyo haimaanishi mkae nyumbani. Notisi ya mkutano mkuu ni siku 21: soma taarifa ya fedha, hasa kipengele cha miamala na kampuni zenye uhusiano. Ada za usimamizi, matumizi ya nembo, mikopo kutoka kampuni mama. Hapo faida inaweza kusafiri kabla haijaitwa gawio. Uliza kwa namba ya ukurasa, mwenyekiti hana pa kukwepea, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu. Usipoweza kwenda, fomu ya uwakilishi, ya kumteua mtu akupigie kura, kwa kawaida inatakiwa saa 48 kabla.

Mama Mirathi
Nyongeza fupi. Mwanahisa akifariki, dalali hawezi kuuza kwa maneno ya familia. Anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama (Mahakama ya Mwanzo hutoa Fomu Na. 4), cheti cha kifo na taarifa ya CDS. Hati za karatasi za miaka ya tisini ziingizwe kwanza kwenye mfumo. Hati ikiwa imepotea, anzeni na ripoti ya polisi na kiapo, kisha muulizeni msajili wa hisa kinachofuata.