Tupeane uzoefu: ni wapi mpango wa kambi na maji uliwaumbua mlimani?

Mpagazi Mstaafu
Jana nilimkuta kijana wa jirani akipanga mizigo ya kwenda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na nilipomuuliza maji ya kambi ya Barafu yatatoka wapi, akanijibu kwamba penye kambi hapakosi maji. Usingizi umenipaa. Mliopanda, semeni yaliyowakuta, nami nimsomee.

Wa Kibosho
Shikamoo mzee. Mwambie kwamba kambi inaitwa Barafu lakini hata barafu ya kuyeyusha haipo. Maji ya mwisho ni ya Karanga, kambi iliyo kabla yake, na pale kambi iko juu, kijito kiko chini bondeni, kwa hiyo ukipewa chai kambini ujue kuna mtu amekipanda kilima kile na dumu la lita 20 kichwani.

Jiko la Mlimani
Mzee, umenikumbusha usiku ambao huwa sipendi kuusimulia. Nilikuwa mpishi wa msafara wa wageni wanane, na ratiba yao ya siku sita haikuwa na kulala Karanga: asubuhi tunatoka kambi ya Barranco, tunapanda ule ukuta wake wa miamba, tunapita Karanga mchana, jioni tuko Barafu, mita 4,673, na saa sita usiku wageni wanaondoka kwenda kileleni. Niliagiza madumu mawili yajazwe kijitoni. Dumu moja lilipasuka aliyelibeba alipoteleza akipandisha kutoka bondeni, na kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ameshaniambia, nilipata habari saa kumi na mbili jioni, nilipoomba dumu la pili na kuona watu wanatazamana. Wageni wanane, kila mmoja lita tatu za kubeba usiku, hizo ni lita 24 kabla ya supu, kabla ya chai, na kabla ya wapagazi wenyewe kupata uji. Kijana mdogo kuliko wote akachukua dumu tupu na tochi ya kichwani, akateremka peke yake gizani. Alirudi karibu saa tano. Maji yaliyomwagikia begani yalikuwa yameganda juu ya koti, na nilipompa kikombe cha uji vidole vyake havikuweza kukishika, ikabidi nimnyweshe kama mtoto.

Mama Tatu
Mungu wangu. Alipona?

Hesabu Kwanza
Samahani, lakini hapa mpishi anajikosha. Maji ni ya jikoni, na mwenye jiko huyahesabu mchana pale Karanga, hasubiri jioni.

Jiko la Mlimani
Kosa langu silikatai, kaka. Ila nijibu hili: kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na dumu likijaa limeshafika hapo. Anayebeba maji hawezi kubeba na hema. Aliyepanga ratiba alihesabu mahema na chakula, lakini watu wa maji hakuwahesabu.

Wa Kibosho
Ndiyo maana nasema ongezeni siku moja mlale Karanga. Mwili nao unapata nafasi ya kuzoea hewa.

Hesabu Kwanza
Na siku hiyo ina ada zake za hifadhi, mnazilipa ninyi?

Dada wa Nanyuki
Poleni sana. Kwetu Mlima Kenya nilikosea kinyume chake: niliweka hema kando kabisa ya kijito ili nisitembee, baridi yote ya bonde ikatulalia, na asubuhi zipu ya hema ilikuwa imeganda, haifunguki. Chupa nazo zilazeni kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu, na juu hapo ndipo penye mfuniko.

Mtu wa Kibo
Naunga mkono. Kambi ya Kibo, upande wa njia ya Marangu, nako maji hubebwa kutoka chini, na mimi nilikunywa chai iliyonuka mafuta ya taa kwa sababu ya dumu, nikaomba ya pili.

Mama Tatu
Mimi hubeba vidonge vya kusafishia maji, sitegemei jiko la mtu.

Dada wa Nanyuki
Vidonge kwenye maji ya baridi huchelewa kufanya kazi, dada. Chemsha. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, lakini yakitokota dakika tatu yanatosha.

Hesabu Kwanza
Mwenye kuchemsha aje na gesi yake.

Msafiri wa Natron
Ninyi mna pa kuchota. Mlima wetu wa Ol Doinyo Lengai hauna maji hata tone, unapanda usiku na ulichobeba. Mwenzangu alimwaga lita mbili kituoni akisema mgongo unamuuma, na jua lilipochomoza alikuwa ananiita kaka, ilhali kanizidi miaka kumi.

Wa Kasese
Tunawasoma huku Rwenzori tukiwa na matope hadi magotini. Sisi tunachotafuta ni pakavu pa kulala.

Mama Tatu
Jamani, yule kijana je?

Jiko la Mlimani
Alipona, dada, ingawa kucha mbili zilitoka. Siku hizi ni kiongozi wa misafara, na akifika Karanga hutikisa kila dumu kwa mkono wake kabla hajaruhusu mtu kuondoka.

Mpagazi Mstaafu
Nimemsomea. Ameomba nimwazime madumu mawili, na la mafuta ya taa nimeliweka kando.