Waajiri binafsi Tanga, acheni kuvunja mshahara vipande viwili

Wakuu, huu wimbo wa "binafsi siku hizi wanalipa sawa na serikali" umenichosha. Sawa wapi? Chukueni laki nane kabla ya makato, pande zote mbili, tupige hesabu.

Mtumishi wa halmashauri anakatwa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5, yaani 40,000, na NHIF (bima ya afya) asilimia 3, yaani 24,000. PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 760,000 iliyobaki baada ya PSSSF: 68,000. Mkononi 668,000. Wa kiwandani Pongwe anakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi) asilimia 10, 80,000, na kodi 60,000. Mkononi 660,000, na hapo NHIF haimo! Kama hana bima, mtoto akiugua usiku anaenda hospitali ya Bombo na alichonacho mfukoni.

Mifuko yote miwili inapokea 160,000 ileile. Ila serikali inamtolea mtu wake 120,000, huku binafsi anatoa 80,000 na nyingine 80,000 unakamuliwa wewe.

Na huyo ni mwajiri mwaminifu. Kuna hawa wanaoandika mkataba "mshahara wa msingi 400,000, posho 400,000", halafu NSSF wanakata kwenye msingi peke yake, wakati mchango unatakiwa utoke kwenye mshahara ghafi, yaani wote kabla ya makato. Mkononi unapata 692,000, unashangilia. Kwenye mfuko inaingia 80,000 badala ya 160,000. Umeuza mchango wa 80,000 kwa 32,000, kila mwezi! Ovataimu nayo, ile ya mara moja na nusu, inapigwa kwenye laki nne. Ukiachishwa, kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza. Msingi ule ule wa laki nne. Huu ni wizi wa kalamu.

Wengine wanakata na hawapeleki kabisa. Chukua taarifa ya michango NSSF kila miezi mitatu, iweke sambamba na salari slipu, mwezi kwa mwezi. Slipu inaonyesha makato lakini kwenye taarifa mwezi huo hauna kitu? Wapelekee NSSF hizo slipu sasa hivi, kampuni ikiwa bado ina geti na mhasibu. Ikishafungwa, utamdai nani?

Na mnaolipwa kwa bahasha bila slipu: sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri atoe mchanganuo wa malipo kwa maandishi. Idaini kabla ya kusaini daftari.